Nyama ya Kumwachia Mkwe

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye akili akawa anatafuta cha kuuza, Salim wa Kyela mjini alikuja na wazo lililowafanya watu wacheke mpaka wakaegemea milango ya maduka. Salim alikuwa muuza vitambaa. Baba yake alikuja zamani kutoka Kilwa na mzigo wa kaniki, akafa, mtoto akarithi duka. Sasa akasema anataka kuuza matembezi. Mzungu anakuja, anatembezwa kwa miguu porini kwenye umande, anaoneshwa pongo dume, anampiga risasi, anachukua fuvu na pembe, anakwenda zake. Nyama anaiacha.

"Anaiacha nyama?" watu wakauliza.

"Anaiacha."

"Huyo ni mgonjwa. Mpelekeni hospitali."

Wala hakuwa mgonjwa. Ndivyo walivyo kwao. Bwana Hadson, mgeni wa kwanza na wa mwisho wa Salim, aliwaeleza mwenyewe barazani kwa Salim akinywa chai ya tangawizi. Kwao Uingereza, alisema, kuna mnyama mdogo wa vichakani anayeitwa ro. Umbo lake halipishani sana na la pongo, rangi yake kahawia yenye wekundu, akishtuka anabweka kama mbwa, na alfajiri anatoka msituni kuingia mashamba ya ngano. Watu wa mjini husafiri mpaka huko mashambani ili waongozwe kumnyatia, mgeni mmoja na kiongozi mmoja, polepole, hatua kwa hatua. Hadson mwenyewe kazi yake ilikuwa hiyo, kuwaongoza wageni. Safari hii alitaka na yeye aongozwe.

Kiongozi hakuwa wa kutafutwa. Ukiulizia pongo kuanzia Ipyana mpaka mto Songwe, utaambiwa nenda Ngana kwa Andongwisye. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mchache wa maneno, aliyefanya kazi migodi ya shaba ya Kopabelti, Zambia, ujanani na kurudi na Kiingereza cha chini ya ardhi, kibovu lakini kinachofika. Alikuwa pia na kiburi. Nasema mapema ili msije mkadhani nasimulia habari za malaika.

Kiburi chake kilikuwa juu ya mkwe wake.

Kwetu, mke wa mwanao hakutani nawe. Haoni uso wako, nawe huoni wake. Akikusikia unakuja anaacha njia, anaingia majanini, anachuchumaa na kujifunika nguo mpaka upite. Sauti yake hupaswi kuisikia. Nawe mzee una wajibu wako: ukikaribia, unakohoa, ili binti wa watu apate nafasi ya kujificha kabla hamjaaibishana. Wakati huo wengi walikwisha kulegeza. Kanisani walihubiriwa kwamba imetosha, na vijana waliokaa Mbeya waliona ni mambo ya zamani. Lakini Tumpe, mke wa Hebroni mwana wa Andongwisye, alilelewa na bibi yake kule Mwaya, bibi wa zamani hasa, na alikuja kwa mumewe na heshima yote aliyofundishwa. Tangu aolewe, akazaa, mpaka mtoto akaanza kukimbia uani, Andongwisye hakuwahi kumwona zaidi ya kisigino kikipotea nyuma ya migomba. Na mzee akawa anatamba kwa hilo kilabuni.

"Nyie wakwe zenu wanawaletea maji ya kunawa na kuwakodolea macho," alikuwa akiwaambia wenzake. "Wa kwangu ananiheshimu."

Aliyeubeba mzigo wa heshima hiyo ni Rut, mkewe Andongwisye, na miguu ilikuwa inamuuma. Hebroni alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka, leo yuko Karonga, ng'ambo ya Songwe, kwa wajomba na mabalo ya nguo, kesho kutwa yuko njiani, kwa hiyo kazi zote za nyumba zilimwangukia Tumpe. Na Tumpe hakuweza hata kukatiza uani mzee akiwa amekaa pale, hivyo kila cha kupitishwa hapo alikipitisha Rut.

"Mzee, mwachie mtoto wa watu," Rut alimwambia, tena si mara moja. "Anazunguka mikokoa yote ile na ndoo ya maji kichwani, kisa wewe umekaa barazani unasugua tumbaku. Hivi huoni haya?"

"Nitamwachiaje? Kwa mikono mitupu?"

Hapo alikuwa na neno. Kuna namna ya kumwachia mkwe. Mzee anatoa nyama, anampa mkwe kwa mkono wake mwenyewe mbele ya akina mama, na tangu siku hiyo wanaamkiana kama baba na binti yake. Lakini ukoo wa Andongwisye ulikuwa ukoo wa wawindaji, na katika ukoo wao nyama hiyo haikutoka zizini. Ilitoka porini. Andongwisye alikuwa hana tena bunduki, na mwaka ukapita, na mwingine, na kila Rut alipomkumbusha alijibu vilevile, kwa sauti ya mtu ambaye hana haraka.

Basi Salim alipokuja Ngana na pikapu yake kumwambia kuna mgeni mwenye bunduki na kibali, anayetaka pembe tu, Rut aliyesikia yote kutoka jikoni alitoka na mwiko mkononi. "Sasa Mungu amekuletea bunduki mpaka mlangoni," akasema. "Utasingizia nini?"

Andongwisye akacheka. Akakubali. Alisema nyama ya pongo wa mzungu itakuwa ya kumwachia mkwe, na Jumapili baada ya ibada akina mama waalikwe.

Nitawaambia jambo ambalo hakumwambia mtu. Alikubali kwa furaha. Kwa miezi mingi alikuwa akimsikia mkwewe akicheka na mtoto nyuma ya nyumba, kwa mbali, pale alipodhani mzee amelala. Kilikuwa kicheko cha kukwama kwama, kinachoanza, kinakatika, kinaanza tena. Mzee alikuwa akilala macho wazi ukutani akijiuliza kicheko kile kina uso gani. Alitaka kumwona binti huyu aliyeletwa nyumbani kwake. Alitaka amwamkie. Ndicho kilichompeleka porini, si mzungu wala pembe zake.

Na Tumpe naye alikwisha ambiwa. Rut alimsikia shambani akijizoeza, anamsimamisha mtoto mbele yake kama ndiye babu, anapiga goti, anasema, "Ugonile, tata," yaani umeamkaje, baba, halafu anajiziba mdomo kwa aibu na kucheka peke yake.

Bwana Hadson alikuwa mtu mwema. Lingekuwa jambo rahisi kumsimulia kama mshenzi, lakini hakuwa hivyo. Alikuwa mwangalifu kuliko sisi. Alieleza masharti ya kwao, na Andongwisye akayapenda kwa sababu yalikuwa masharti ya mwindaji wa kweli. Upepo uwe usoni. Hakuna kusema. Hakuna kupiga chafya, hakuna kukohoa. Ukibanwa, uma mkono. Kiongozi anatangulia, mgeni anafuata nyayo zake. Mnyama akionekana, kiongozi ndiye anayemtazama kwa darubini, ndiye anayeamua. Mgeni hagusi kifyatulio mpaka kiongozi amguse begani. Na mnyama akipigwa asipoanguka, hafukuzwi. Anaachwa alale, apoe, ndipo anafuatwa. Ukimkimbilia anapata nguvu ya woga na kupotelea mbali.

Andongwisye akaacha tumbaku siku zile ili kifua kitulie.

Nasi tuna sharti letu moja: mwindaji haagi. Hasemi nyumbani anaelekea wapi, maana pori lina masikio. Kwa hiyo asubuhi ile, ukungu wa mtoni umefunika mpunga, Andongwisye alitoka kimya akamkuta mgeni barabarani, na Rut alipoamka alijua tu kwamba mumewe amekwenda kuwinda. Akadhani wamepanda upande wa vilima, kwa kuwa huko ndiko alikokuwa akiwinda zamani. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa na ndege walikuwa wabaya mwaka ule. Akamwambia Tumpe, "Mwanangu, leo njia ni nyeupe, mzee hayupo. Pita njia ya mtoni, ni karibu, ukaamie ndege. Mwache mtoto na mimi."

Tumpe akapita njia ya mtoni, amechangamka, kopo lake la kokoto mkononi kwa ajili ya kutishia ndege. Kawaida alikuwa akizunguka.

Andongwisye na mgeni wake walikuwa wamekaa chini ya mti ukingoni mwa mabingobingo, yale majani marefu ya mtoni, upepo usoni, bunduki imeegemezwa kwenye fimbo tatu zilizofungwa pamoja. Walikwisha mwona dume. Alisimama kwenye uwazi, pembe zake nzuri, akanusa, akaingia taratibu kwenye mabingobingo kabla mgeni hajajiweka sawa. Wakangoja atoke. Andongwisye alijua atatoka, maana nyuma ya majani yale kulikuwa na mpunga, na pongo anaupenda. Koo lilikuwa linamwasha. Akauma mkono, akanyamaza.

Kisha majani yakatikisika. Akaona kwa chini, katikati ya mabua, mgongo wa rangi ya kahawia yenye wekundu, wenye manyoya, unasogea polepole kuelekea pembeni.

Akamgusa mgeni begani.

Hadson hakupiga. Alimgeukia akanong'ona kwamba kichwa hakionekani, kwao hawapigi mpaka waone kichwa. Andongwisye akatazama tena. Ilikuwa rangi ileile, urefu uleule, mahali palepale alipoingilia dume. Akaona mnyama anakwenda, na nyama ya Tumpe inakwenda naye. Akamgusa begani mara ya pili.

Bunduki ikalia. Ndege wakaruka wote mpunga mzima. Kile kitu kikaanguka, kikajiinua nusu, kikatambaa, mabingobingo yakajifunga.

"Amepata," Hadson akasema. "Tusubiri."

Wakasubiri. Mgeni alitoa chupa ya chai, akammiminia mzee kwanza, kwa heshima. Walikunywa. Jua likapasua ukungu. Hapakusikika sauti yoyote kutoka kwenye majani, hata mguno, na Andongwisye alifurahi kwa ukimya ule, akijua kwamba mnyama asiyelia amelala vizuri. Mungu atusamehe. Chai ile ilikuwa tamu na aliimaliza.

Alipoona imetosha, alimwambia mgeni abaki, akaingia peke yake. Damu ilikuwa nyingi. Akaifuata kwa kuinama, anatenga majani kwa mkono, na hatua chache ndani akakuta kopo. Kopo la maziwa lililotobolewa, lina kokoto ndani. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kulijua kopo. Karibu nalo, kwenye tope, kulikuwa na alama ya kiganja cha mtu.

"Nani yuko hapo?" akaita kwa Kiswahili, akidhani labda ni mpita njia wa upande wa pili wa mto. Hakujibiwa. Majani ya mbele yakatikisika, yakasogea mbali naye. "Ni nani?" akaita tena, sasa kwa Kinyakyusa, kwa sauti yake ya nyumbani. Majani yakatikisika kwa nguvu zaidi. Mtu alikuwa anajiburuza kumkimbia.

Hapo akajua. Mtu mwenye risasi mwilini anaitikia anayemwita, hata akiwa adui. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye akisikia sauti ya Andongwisye anajificha.

Akapiga hatua, akasikia majani yakisogea, akasimama, yakasimama. Akimfuata, anamwaga damu iliyobaki. Asipomfuata, anakufa pale pale. Na ndani yake, nisiwafiche, kulikuwa na kitu kingine, kitu cha miaka yote, kilichomgeuza uso pembeni hata wakati ule na kumwambia kwamba yule ni mkwe wako, usimtazame. Alisimama amegeuza uso, mzee wa watu, analia.

"Tumpe," akasema. Hakuwahi kulitaja jina lile na lilimtoka vibaya. "Tumpe mwanangu, nimekuachia. Nakuachia leo hii, hapa hapa. Usinikimbie tena. Ngoja nije."

Majani yakatulia.

Alimkuta amelala ubavu, amejifunika kichwa kwa koti. Lilikuwa koti la mtumba, la manyoya ya kahawia yenye wekundu, ambalo Hebroni alilichagua mwenyewe kwenye balo alilotoka nalo Karonga, kwa kuwa mkewe alikuwa mwepesi wa baridi asubuhi. Ngana nzima walilijua koti lile. Watoto walimwimbia wakimwona nalo, wanawake walimtania kwamba amekuwa mke wa mkoloni. Mtu yeyote mwingine wa kijiji kile, akiliona kwenye majani, angesema ah, yule Tumpe. Andongwisye hakuwahi kuliona. Heshima ilikuwa imemfanya kuwa mgeni wa nguo za mtu anayelala nyumba ya pili.

Akapiga magoti, akamfunua. Alikuwa mdogo kuliko alivyofikiri. Risasi ilimpata chini ya mbavu na mkono wake ulikuwa umebana pale. Midomo ilikuwa imepauka, na macho aliyafumba kwa nguvu, hata sasa, asimwone.

"Kwa nini hukulia?" mzee akamwuliza. "Kwa nini hukupiga kelele, mwanangu?"

Tumpe alijibu macho yakiwa yamefumbwa, kwa sauti ndogo, maneno ya kwanza na ya mwisho kumwambia baba mkwe wake.

"Nisamehe, tata. Sikukusikia ukikohoa."

Alimbeba mgongoni. Mgeni alipowaona wakitoka kwenye majani alidondosha bunduki matopeni akaja mbio, na wakabadilishana kumbeba, mzungu akilia kwa sauti kama mtoto, wakielekea barabarani alikokuwa Salim na pikapu. Hawakumfikisha. Kabla ya daraja la mbao Andongwisye alisikia shingoni kwake pumzi imeacha kuja, akaendelea kutembea hivyo hivyo, na Hadson ilibidi amshike mikono miwili kumsimamisha.

Mengine mnaweza kuyakisia. Polisi walikuja, mgeni akasema yeye ndiye aliyevuta, mzee akasema yeye ndiye aliyegusa bega mara mbili, na kila mmoja akang'ang'ania kosa kama mali yake. Salim alileta sanda bora kuliko zote dukani kwake na hakuuza matembezi tena maishani. Ndugu wa Tumpe kutoka Mwaya walikuja wamenuna, wakaimba, wakazika. Wazee wa ukoo walisema Andongwisye amemgusa mkwe, lazima afanyiwe mambo ya kusafishwa, akawaambia wamfanyie wanayotaka. Rut alikaa chini ukutani na mtoto mapajani, akirudia neno moja kwa kila anayempa pole: "Ni mimi niliyemwambia apite karibu." Hakumlaumu mumewe hata siku moja, na ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

Hebroni alipatikana Karonga, akafika msibani kaburi likiwa na siku moja. Watu walimpisha njia. Walijua maneno makali kama kisu yatatoka, na baadhi walikaa karibu ili wamshike. Andongwisye hakungoja kusimuliwa na mtu mwingine. Alimwita mwanawe nyuma ya nyumba, akamweleza yote, dume aliyeingia majanini, bega, chai, kopo, mpaka daraja la mbao. Hakujitetea mahali popote. Alipomaliza alingoja apigwe, na naapa alitaka kupigwa.

Hebroni alikuwa amekondeana usoni kwa safari ile moja. Akauliza jambo ambalo mzee hakulitarajia.

"Ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Mimi sikumwona, baba. Nimekuta mchanga. Nilipoondoka alikuwa amelala, sikumwamsha." Akajifuta pua kwa mkono. "Niambie alikuwaje."

Andongwisye akafungua mdomo. Alitaka amwambie kijana habari za kicheko, jinsi mashavu yanavyokuwa mtu yule akicheka, macho yake ni ya namna gani yakiwa wazi. Hakuwa nayo. Alikuwa na uso mmoja tu wa mkwewe, ule wa kwenye matope, umefumba macho ili usimwone. Akamshika mwanawe mkono, akaanza kumweleza huo.